Akisema "Bado", Wenzake Wasubiri: Hotuba kwa Wanaoomba Kazi ya Uandamizi katika Programu za Utafiti

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Wadogo zangu wa uzamili na uzamivu, na nyinyi mnaohangaika na data kwenye vituo vya utafiti, hamjambo? Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuomba kazi ya mtaalamu mwandamizi wa programu za utafiti. Najua wengi hapa hamjawahi kukutana na mtu mwenye cheo hicho. Lakini asubuhi nimepita kwenye meza zenu, na baadhi yenu naona mnaifanya kazi yenyewe tayari, ila kwenye mkataba mmeandikwa "msaidizi wa utafiti". Mwanasayansi anakuja na milinganyo yake ya mvua, ya malaria au ya mwendo wa nyota, na mtu huyu ndiye anayeigeuza kuwa programu inayokokotoa kwenye kompyuta kuu yenye maelfu ya prosesa. Programu ikianza kutoa namba za ajabu usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha makala, anapigiwa simu yeye. Nitatumia mfano wa Uingereza, kwa sababu ndiko ninakofanya kazi na kwa miaka kadhaa nimekaa kwenye majopo ya usaili ya vyuo vikuu vya huko. Upande wa mwombaji mnaujua. Nitawapeleka upande wa pili wa meza.

Niseme kabisa ninachoamini, ili hata atakayesinzia baada ya pilau hii awe amekwisha kukipata. Kwenye ngazi ya mwandamizi, jopo halihesabu lugha za programu ulizonazo. Linajiuliza: huyu akituambia jibu la kompyuta ni sahihi, tutaliweka kwenye makala na kulala usingizi? Na akisema "bado", anao ubavu wa kusimama hapo hata profesa akikunja uso? Kila karatasi utakayotuma, na kila utakachojibu ukiwa umeketi mbele yetu, kinapimwa kwa kipimo hicho, hata pale tangazo linapoonekana kuzungumzia mambo mengine kabisa.

Kazi hii si ngeni. Kigeni ni cheo. Mwaka 1953 kule Los Alamos, Marekani, Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam walitaka kujua nishati inasambaaje kwenye mnyororo wa vipande vilivyoungwa kwa springi, pale nguvu ya springi inapoacha kwenda sambamba na kiasi ilivyovutwa. Kalamu na karatasi havikuweza kulijibu swali hilo. Aliyeandika programu na kuiendesha kwenye kompyuta iliyoitwa MANIAC ni Mary Tsingou. Ripoti ilipotoka mwaka 1955, yeye alipewa shukrani kwenye tanbihi. Kwa nusu karne na zaidi tatizo lile likaitwa kwa majina ya mabwana watatu, mpaka mwaka 2008 mwanafizikia Thierry Dauxois alipoandika kwamba haki itendeke, jina la mama yule nalo liingie. Siku hizi wengi huyataja yote manne.

Haikuishia hapo. Edward Lorenz wa chuo cha MIT, Marekani, alipochapisha mwaka 1963 makala yake maarufu kuhusu hali ya hewa isiyotabirika, ukokotozi na michoro ilikuwa imepita mikononi mwa Ellen Fetter. Naye yuko kwenye shukrani. Kazi hiyo Fetter aliipokea kwa Margaret Hamilton, yule ambaye baadaye aliongoza uandishi wa programu za chombo cha Apollo cha kwenda mwezini. Ukitazama vizuri, sehemu kubwa ya sayansi ya karne iliyopita imesimama juu ya watu walioko kwenye aya ya shukrani.

Uingereza wameanza kulirekebisha hilo hivi karibuni tu. Mwezi Machi 2012, kwenye warsha iliyofanyika Oxford, kikundi kidogo cha watu kilikaa kikasema wazi: sisi si wahadhiri, wala si mafundi wa kurekebisha printa, na tukipimwa kwa idadi ya makala tutafeli kila mwaka. Wakajitafutia jina, uhandisi wa programu za utafiti. Vyuo vikaanza kuunda vikundi maalumu, na mwaka 2019 chama chao kikasajiliwa rasmi. Ndiyo maana leo unaweza kufungua tovuti ya chuo ukakuta tangazo la nafasi hiyo, lenye ngazi ya mshahara iliyotajwa waziwazi. Vyuo kadhaa huweka ngazi ya 7 kwa mtu wa kawaida na ya 8 kwa mwandamizi. Mkataba wakati mwingine ni wa kudumu, wakati mwingine ni wa urefu wa ruzuku iliyopo. Hilo la mkataba nitalirudia, maana lina pesa ndani yake.

Sababu ya kuwasimulia habari za kina Tsingou ni kwamba maombi mengi yanayotoka kwetu yanaandikwa na mtu aliyejipeleka kwenye tanbihi mwenyewe. Tumelelewa kutojisifu, na ni malezi mazuri. Mtu anayejisifu msibani au kwenye baraza la wazee anajishushia hadhi. Tena tunao msemo wa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye jopo la usaili msemo huo hauna kazi. Nimesoma barua ya mtu ambaye, tulipokuja kumuuliza, alikuwa ameiandika upya programu nzima ya kikundi chake peke yake. Kwenye barua alikuwa ameandika: "Kikundi chetu kiliboresha programu." Angekosa kuitwa kabisa, kama mwenzangu mmoja asingeifahamu ile programu.

Sasa tangazo lenyewe. Likisomwa kwa haraka linatisha. Utakuta sifa za lazima kumi, na za nyongeza saba: C++ au Fortran, Python, ukokotozi sambamba, kompyuta kuu, shahada ya uzamivu au uzoefu unaolingana nayo, kufundisha wengine, kuandika maombi ya ruzuku. Kijana anasoma mpaka kwenye ruzuku, anafunga kompyuta. Ndugu zangu, zile sifa haziko sawa kwa uzito, na hakuna anayezikamilisha zote. Yale maneno "au uzoefu unaolingana nayo" msiyapite. Nimefanya kazi chini ya watu wasio na uzamivu, wanaoheshimiwa na maprofesa kwa kazi ya mikono yao.

Lakini zile za lazima, za lazima kweli. Nieleze jinsi zinavyotumika. Maombi yakifika, kila mjumbe wa jopo hupewa jedwali. Majina ya waombaji yako upande mmoja, na mara nyingi yamefichwa yakabaki namba tu. Juu zimepangwa sifa za lazima. Anasoma ombi lako akijaza alama kwenye kila kisanduku: hakuna ushahidi, upo kidogo, upo wa kutosha, upo mzuri sana. Anafanya hivyo jioni, baada ya kazi yake ya kutwa, na pengine lako ni la arobaini. Kama ushahidi wa "kufundisha wengine" umeuficha kwenye ukurasa wa tano wa wasifu, katikati ya orodha ya mikutano uliyohudhuria, utapata sifuri, na wala hatakuwa amekuonea. Kwa hiyo barua ya maombi ifuate sifa zilivyopangwa kwenye tangazo, moja baada ya nyingine, ikiwezekana kwa maneno yaleyale ya tangazo. Haitakuwa barua tamu, lakini yule mjumbe mwenye usingizi atakushukuru.

Chini ya kila sifa uweke tukio. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo watu wanapotofautiana. Wengi huandika hivi: "Nina uzoefu mkubwa wa Python na C++, na nimetumia kompyuta kuu kwa miaka mingi." Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi mpaka macho yanaipita yenyewe, na tangu programu za akili mnemba zianze kuwaandikia watu barua, imezidi kuongezeka. Mfano wa nyingine, naitunga hapahapa: "Modeli ya mafuriko ya kikundi chetu ilikuwa inachukua usiku kucha. Nilipima muda unakwenda wapi, nikakuta programu inasoma upya faili la ramani ya ardhi kwenye kila hatua ya ukokotozi. Niliibadilisha ilisome mara moja, na ikamaliza kabla ya chai ya saa nne. Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote niliandika jaribio linalolinganisha kina cha maji na matokeo ya zamani, likikataa tofauti inayozidi milimita moja. Wanafunzi wa uzamivu wawili wanaitumia mpaka sasa, na nimewaandikia maelekezo ya kurasa tatu."

Hakuna kikubwa hapo. Kusoma faili mara moja badala ya mara elfu ni jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angeliweza. Lakini mwandishi amepima kwanza ndipo akagusa. Amehakikisha kwamba haraka haikuharibu jibu. Amechagua kipimo chenye maana kwa mtaalamu wa mafuriko, milimita za maji, hakusema tu "majaribio yamepita". Kisha amefikiria watakaokuja baada yake. Kwa aya moja hiyo mimi nimejaza visanduku vinne.

Watu huniuliza: wapi nitapata ushahidi kama programu zangu zote ni mali ya kituo? Omba ruhusa mapema, hata ya kipande. Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, inapokea programu na kuipa namba ya kudumu ya kunukuliwa, bure. Lipo pia jarida la programu huria za utafiti, lililoanza mwaka 2016, ambalo halitozi mwandishi hata senti. Wahakiki wake husakinisha programu yako na kuijaribu wazi mbele ya dunia. Makala moja humo, yenye kurasa mbili tatu, kwangu mimi ina uzito kuliko makala tano ambazo jina lako ni la tisa. Na ukituma kiungo cha hazina yako ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la programu, ujue tutaifungua. Hatutafuti msimbo wa kupendeza. Tunatazama historia yake: mtu alipokuta hitilafu aliandika nini, mwenzake alipompinga alimjibuje.

Ukishaitwa, usaili wenyewe kwa kawaida una jopo la watu watatu hadi watano, wasilisho fupi kuhusu kazi yako, na zoezi la kiufundi. Kuhusu wasilisho sina mengi: eleza jambo moja tu, na ulieleze kwa mtu asiye wa fani yako, kwa sababu mmoja wetu hakika si wa fani yako.

Zoezi ndilo la kuzungumzia. Lipo swali ninalolipenda, na siogopi kulitoa hadharani kwa sababu kulijua mapema hakusaidii sana. Nauliza: programu hii tuliiendesha kwenye prosesa 32 ikatoa jibu, tukaiendesha kwenye prosesa 64, data zilezile, ikatoa jibu tofauti kidogo. Utafanya nini?

Anayeanza husema, "Kuna hitilafu, nitaitafuta." Aliyesoma kidogo husema, "Ni makosa ya kukadiria desimali, ni kawaida," na anatulia. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wamejibu mapema mno.

Tuangalie kinachotokea humo ndani. Namba za desimali za biti 32 kwenye kompyuta zina nafasi ya tarakimu kama saba tu zenye maana. Chukua 16,777,216, ambayo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 24. Ongeza 1. Jibu kompyuta inalokupa ni 16,777,216. Ongeza 1 tena, na tena, mara milioni moja. Namba haisogei, kwa sababu kila moja inayofika haina pa kukaa, inatupwa. Sasa badilisha mpangilio: zile moja milioni zijumlishe zenyewe kwanza, upate 1,000,000, ndipo uziongeze kwenye ile kubwa. Unapata 17,777,216, jibu sahihi kabisa. Namba ni zilezile, kilichobadilika ni nani kajumlishwa na nani kwanza. Na ukigawa kazi kwa prosesa 64 badala ya 32, kila moja inajumlisha fungu lake dogo kisha mafungu yanaunganishwa, kwa hiyo mpangilio lazima ubadilike. Tofauti ndogo inaweza kuwa halali.

Inaweza. Mtu mwandamizi hapo ndipo anaanza kuuliza maswali, na mimi namsikiliza maswali yake kuliko majibu. Tofauti ni kubwa kiasi gani, ukilinganisha na nini? Ukiiendesha mara mbili kwenye prosesa 32 hizohizo, jibu linarudi lilelile? Kama halirudi, basi kuna uwezekano prosesa mbili zinagombea kuandika mahali pamoja, au kuna sehemu ya kumbukumbu inasomwa kabla haijajazwa. Hiyo si desimali tena, ni hitilafu yenye meno. Modeli yenyewe ni ya aina gani? Lorenz, mwaka 1961, alirudia ukokotozi wake kwa kuingiza 0.506 alizozisoma kwenye karatasi iliyochapwa, wakati ndani ya kompyuta kulikuwa na 0.506127. Baada ya muda hali ya hewa ya bandia ikawa nyingine kabisa. Kwa modeli ya namna hiyo, kudai majibu mawili yafanane tarakimu kwa tarakimu ni kudai kisichowezekana; unaendesha mara nyingi, unalinganisha wastani na mtawanyiko. Kwa modeli ya daraja linalobeba magari, tofauti hiyohiyo ningeikataa.

Msidhani ni mchezo wa darasani. Machi 2020, ripoti ya Imperial College kuhusu UVIKO-19 ilitikisa serikali ya Uingereza. Programu iliyokuwa nyuma ya ripoti hiyo, Profesa Neil Ferguson aliyeiandika mwenyewe aliieleza kuwa ni maelfu ya mistari ya C isiyo na maelezo, iliyoandikwa miaka zaidi ya kumi na mitatu nyuma kwa ajili ya mafua. Msimbo ulipowekwa wazi, baada ya kusafishwa kwa msaada wa wahandisi kutoka nje, watu wakagundua kwamba katika hali fulani ilitoa majibu tofauti hata ikianzishwa na namba zilezile. Magazeti yakashika. Wengine wakataka ripoti yote itupwe. Kisha Stephen Eglen wa Cambridge akakaa, akaiendesha mwenyewe, na matokeo makuu ya ripoti akayapata. Kwa hiyo zile kelele zilikuwa na sababu na hazikuwa na sababu, kwa wakati mmoja: programu haikuandikwa kwa namna ya kuaminiwa, na jibu lake halikuwa la kubuni. Gharama ya kuliweka hilo wazi kabla dhoruba haijaja ingekuwa mshahara wa mtu mmoja kama nyinyi, kwa mwaka mmoja au miwili. Nikiulizwa na mkuu wa chuo kwa nini tuajiri watu hawa, huo ndio mfano ninaompa.

Swali jingine mtakalokutana nalo halina hesabu. Profesa anataka namba Ijumaa, wewe unaona hazijathibitishwa, unafanyaje? Vijana wa kwetu hapa huteleza, na si kwa kukosa akili. Mkubwa akisema, umezoea kuitikia. Basi anajibu, "Nitafanya kazi usiku kucha mpaka niikamilishe," akidhani ametupendeza. Hajatupendeza. Heshima na kukataa vinakaa nyumba moja bila ugomvi. Unaweza kusema: "Profesa, Ijumaa nitakupa michoro miwili iliyopita majaribio. Huu wa tatu naomba uuweke pembeni, kwa sababu jumla ya maji kwenye modeli inapungua kwa kila hatua na sijajua yanakwenda wapi. Jumanne nitakuwa najua." Hapo umempa kitu, umempa sababu anayoielewa kama mwanasayansi, na umempa siku. Sijawahi kuona jopo likimnyima alama mtu aliyejibu hivyo.

Niseme na jambo linalonikera kidogo. Waombaji wetu huficha mazingira waliyofanyia kazi, wakiona aibu. Mmoja tulimuuliza kwa nini programu yake ilikuwa inahifadhi hali yake yote kwenye diski kila baada ya dakika kumi na tano, halafu inajiendeleza yenyewe kutoka pale ilipoishia. Alisitasita, kisha akasema umeme ulikuwa unakatika. Akainamisha kichwa. Mjumbe aliyekaa kulia kwangu alikuwa ameshaanza kuandika kwa bidii. Kwenye ARCHER2, kompyuta kuu ya taifa la Uingereza iliyoko Edinburgh, kazi ya kawaida hukatwa ikifika saa 24, iwe imekwisha au haijaisha, na wako watafiti kule ambao hawajawahi kuandika programu inayoweza kusimama ikaendelea. Huyu alikuwa amejifunza kwa shida, na kwa ustadi, kitu ambacho tungemlipa mtu aje atufundishe. Kama umesafisha rekodi za wagonjwa zilizoandikwa kwa mkono, kama umesukuma modeli kubwa kwenye seva moja kuukuu, andika. Andika na kipimo ulichopata.

Tena milango haiko Uingereza peke yake. Kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kiitwacho ICPAC, kinahudumia nchi kumi na moja kutoka hapo Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Kilifi wako watafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome, Ifakara ipo taasisi ya afya, na kote huko programu zinaandikwa, zinazeeka, na zinahitaji mtu. Darubini ya redio ya SKA, ya kuchunguza anga, inajengwa Australia na Afrika Kusini, ya Afrika Kusini peke yake ikipangwa kuwa na madishi 197, na Kenya imo kwenye orodha ya nchi washirika za Afrika. Vyeo bado havijatengenezwa vizuri huku kwetu, nakiri. Lakini hata Oxford mwaka 2012 havikuwepo.

Sasa pesa. Ukipewa kazi Uingereza usisaini kwa furaha ya siku hiyo. Wanaoishi Kenya na Tanzania hutakiwa kupima kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa kabla ya viza ya zaidi ya miezi sita. Hilo ni dogo. Kubwa ni ada ya huduma za afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, na 776 kwa mtoto, na inalipwa yote mwanzoni. Mume, mke na watoto wawili, viza ya miaka mitatu: pauni 10,866, kabla hujagusa ada ya viza yenyewe wala tiketi. Vipo vyuo vinavyorudisha, vipo vinavyokopesha, na vipo vinavyotazama pembeni. Uliza kwa maandishi kabla ya kukubali. Hakuna atakayekuona mroho. Uliza pia kama unaweza kupitia viza ya vipaji, isiyomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Kama mkataba ni wa ruzuku ya miezi kumi na minane na una watoto shule, piga hesabu hiyo ukiwa umekaa na mwenzako, mezani, kwa kalamu.

Mwisho wa usaili jopo litakuuliza kama una swali. Usiseme huna. Uliza ni nani anayepanga kazi zako, mkuu wa kikundi au kila profesa anayebisha hodi. Uliza majaribio na matengenezo ya programu yanalipwa kutoka fungu gani ruzuku ikiisha. Uliza kama waandishi wa programu huwekwa kwenye orodha ya waandishi wa makala, na uombe mfano wa makala ya mwaka jana. Mimi niliwahi kuulizwa hilo la mwisho na mwombaji, na sote mezani tukatazamana, kwa sababu mfano haukuwepo. Tulimwajiri, na akaikataa nafasi yetu. Mwaka uliofuata tukawa na mfano.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona karatasi ya muda imeshainuliwa pale nyuma. Nakaribisha maswali, na lile la kiasi cha mshahara lianze, maana najua ndilo mlilonalo tangu nilipoingia.